Kabla ya lumeni kuna pangaboi: uzoefu wangu wa kuchagua projekta na skrini ya sebuleni

Mtu anayetaka sinema ya nyumbani huanza kwa kuulizia bei ya projekta, na muuzaji naye hufurahi kumpokea hapohapo. Mimi naona mahali pa kuanzia ni chumba chenyewe, kwa sababu picha ya projekta hukamilika ukutani, na ukuta huo pamoja na dari, sakafu na madirisha ndivyo vinavyoamua itaonekana vipi. Ninayoieleza hapa ni projekta ya LCD tatu, yaani yenye paneli tatu ndogo zinazotengeneza picha, moja kwa kila rangi ya msingi, na nukta 1920 kwa 1080, pamoja na skrini ya fremu ya inchi 100, ninazozitumia katika sebule ya nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam. Chapa sitaitaja, kwa kuwa matoleo hubadilika kila mara na msomaji atasaidiwa zaidi na vigezo kuliko na jina.

Sebule yangu ina urefu wa mita 4.5 na upana wa mita 3.8, na katikati ya dari linaning'inia pangaboi la inchi 56. Mafundi wengi hupendekeza projekta itundikwe darini, ushauri ambao ofisini au kanisani hauna ubaya wowote. Kwangu ungekuwa balaa: mwanga ungetokea nyuma ya pangaboi na kupita palepale mapanga yanapozunguka, na picha ingepepesa kila mara feni inapowashwa. Kuzima feni mwezi wa Februari katika jiji hili ni jambo lisilojadilika.

Kwa hiyo pangaboi ndilo lililonichagulia lenzi. Kila projekta ina uwiano wake wa umbali, yaani umbali kutoka lenzi hadi skrini ukigawanywa kwa upana wa picha. Skrini ya inchi 100 ya umbo la 16:9 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125, hivyo projekta yenye uwiano wa 1.3 hadi 1.6 huijaza ikiwa umbali wa kati ya mita 2.9 na 3.5. Katika sebule yangu eneo hilo lote liko juu ya sofa, mahali pasipo na ukuta wala kabati la kuibeba projekta, kwa hiyo ingelazimika kurudi darini. Nilitafuta yenye zumu ndefu zaidi, inayofika 2.1, nikafunga rafu kwenye ukuta wa nyuma, lenzi ikawa umbali wa mita 4.1 kutoka kwenye skrini na kimo cha mita 1.9 kutoka sakafuni. Mwanga hupita chini ya pangaboi na juu ya vichwa vya waliokaa.

Kilichofanikisha mpango huo ni lenzi inayosogezwa juu na chini kwa gurudumu dogo lililo juu ya chombo. Projekta za bei nafuu hazina kitu hicho. Badala yake zina mfumo wa kielektroniki wa kunyoosha picha iliyopinda, ambao wauzaji husifia kwamba hufanya kazi wenyewe. Ni kweli hunyoosha, lakini kwa kuibana picha ndani ya paneli, ili baadhi ya nukta zibaki bila kazi na nyingine zikadiriwe upya. Nilipojaribu mfumo huo kwenye projekta ya kuazima, maandishi ya tafsiri chini ya filamu yalipoteza ukali hasa katika pembe za picha. Kwa maoni yangu, fedha inayolipia lenzi nzuri inaonekana kwenye picha kila siku.

Sasa nije kwenye lumeni, yaani kiasi cha mwanga unaotoka kwenye projekta. Kipimo kinachoaminika ni kile cha ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, au cha kiwango cha kimataifa cha ISO 21118, ambapo mwanga hupimwa katika sehemu tisa za picha na kupatiwa wastani. Nje ya vipimo hivyo, mtu anaweza kuandika kwenye boksi namba yoyote anayoipenda, na ndiyo maana projekta ndogo ya kubebwa mkononi hutangazwa kuwa na lumeni 9,000 na zaidi. Ndugu yake wa karibu ni neno 4K, yaani picha yenye takriban nukta 4,000 kwa upana: mara nyingi humaanisha tu kwamba chombo kinaweza kupokea mawimbi ya 4K, ilhali paneli iliyomo ndani ni ya nukta 1280 kwa 720. Swali la kumuuliza muuzaji ni paneli yenyewe ina nukta ngapi, na akianza kuzungukazunguka jibu umeshalipata.

Unahitaji mwanga kiasi gani? Kiwango cha mng'ao wa skrini katika sinema za kidijitali ni kandela 48 kwa kila mita ya mraba. Kwa skrini nyeupe ya kawaida ya inchi 100, ndani ya giza kamili, hiyo ni sawa na lumeni 420 hivi, na kwa inchi 120 ni kama 600. Yangu imeandikwa lumeni 3,000 kiwandani, lakini hiyo ni katika hali ya mwanga mkali kupita zote, yenye ukijani ambao hakuna anayeutaka usoni mwa mwigizaji. Ukiiweka katika hali ya sinema mwanga hupungua sana, na taa nayo huhesabiwa kuwa imefika mwisho inapobaki na nusu ya mwanga wake wa awali. Hata hivyo, usiku kinachobaki kinatosha na kuzidi. Shida ni mechi za ligi zinazoanza saa 10 jioni, jua likiwa bado linapenya kwenye luva; hapo hakuna lumeni za bei ya kawaida zinazoshindana na jua, na nilichofanya ni kushonesha mapazia mazito yenye kitambaa cha kuzuia mwanga.

Kati ya LCD tatu na DLP, teknolojia ya vioo vidogo mno iliyotokana na Texas Instruments, nilichagua LCD kwa sababu ya macho ya mke wangu. Projekta nyingi za DLP za nyumbani zina kichipu kimoja kinachoonyesha rangi kwa zamu, na baadhi ya watu huona vijimistari vyekundu, vya kijani na vya bluu wanapohamisha macho haraka. Yeye aliviona dukani mara moja, mimi sikuviona kabisa. Nenda dukani na watu utakaoishi nao. DLP ina faida yake: njia ya mwanga kwa kawaida hufungwa vizuri zaidi, ilhali LCD huhitaji chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara, na vumbi likifika kwenye paneli hubaki kama doa la rangi katika matukio ya giza. Kuhusu 4K halisi, niliiacha. Kwenye skrini yangu nukta moja ina upana wa milimita 1.15 na sofa iko mita 3.4 mbali, umbali unaokaribia ule ambao jicho lenye afya huanza kushindwa kuitenga nukta moja na nyingine. Isitoshe, king'amuzi changu kinatoa HD tu.

Skrini ndiyo iliyonishughulisha kuliko projekta. Nilianza kwa kuangalia zile za kuvuta kwa mkono, ambazo ni rahisi na hujikunja zikaachia nafasi. Tatizo lake ni kitambaa cha plastiki kisichovutwa pembeni: katika hewa ya Pwani yenye unyevu kingo hujikunja kidogokidogo, na kamera inapofuata mpira kutoka winga moja hadi nyingine, mstari wa uwanja huonekana ukiogelea. Za umeme zenye kamba za kukaza pembeni hazina kasoro hiyo, lakini bei yake ilinirudisha nyuma. Nikachukua ya fremu ya alumini, ambayo kitambaa chake huvutwa kwa kulabu pande zote nne hadi kikawa kama ngoma, na fremu imevikwa velveti nyeusi inayomeza mwanga unaovuka mpaka wa picha.

Nilichagua rangi nyeupe isiyong'aa, yenye kiwango cha uakisi cha 1.0, yaani inarudisha mwanga sawa na skrini nyeupe ya kawaida. Skrini za uakisi mkubwa zaidi huongeza mwanga kwa aliyekaa katikati na kumpunguzia aliyekaa pembeni, na wikiendi kwangu kuna watu mpaka kwenye mkeka. Niliambiwa pia ninunue skrini inayokataa mwanga wa chumba. Hizo zipo na zinafanya kazi, lakini nyingi ya zilizokuwa dukani zilitengenezwa kwa projekta zinazowekwa chini kabisa ya skrini na kumulika kwenda juu. Mwanga unaotoka juu au mbele huhesabiwa kuwa adui na hukataliwa. Ukiitumia na projekta iliyo nyuma ya sofa kama yangu, unalipa zaidi ili upate picha hafifu.

Kitu kilichobadilisha picha kwa gharama ndogo kuliko vyote ni kitambaa cheusi cha velveti kutoka Kariakoo. Projekta haiwezi kumulika weusi. Weusi unaouona ni skrini isiyomulikwa, na kama kuta na dari ni nyeupe, mwanga wa picha hugonga huko na kuirudia skrini, usiku wa kwenye filamu ukawa kijivu. Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za rangi nyeusi, kwa hiyo nilitundika kitambaa pande mbili za skrini kwenye fimbo ya pazia, nikatandika zulia jeusi juu ya vigae vinavyong'aa. Tofauti aliigundua hata fundi aliyekuja kwa shughuli nyingine.

Sauti ya ndani ya projekta ni ya kuzugia tu. Nunua spika, na uiunge kwa waya, maana ile ya Bluetooth huchelewesha maneno nyuma ya midomo.

Umeme ni suala lenyewe. Projekta hii hutumia takriban wati 300, hivyo filamu ya saa tatu hula chini kidogo ya uniti moja ya LUKU, na hilo halinisumbui. Ninachojihadhari nacho ni kukatika kwa ghafla, kwa kuwa taa huwa na joto kali na feni ya kuipoza husimama papo hapo. UPS ndogo ya kompyuta, yaani betri ya akiba, hunipa dakika za kuizima kwa utaratibu. Projekta za leza hazina taa ya kubadilisha, na nyingi hutangazwa kufika saa 20,000, huku taa kama yangu ikiishia kwenye saa elfu chache. Kabla ya kulipia ya taa, hakikisha muuzaji anakuonyesha taa halisi ya akiba ya toleo hilohilo ikiwa kwenye rafu yake, na si ahadi ya kuiagiza.