Serengeti kutoka angani: puto, ndege ndogo au helikopta?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua kuiona Serengeti ukiwa angani, kitu kinachouzwa kwa namna tatu: puto, ndege ndogo na helikopta. Maswali yenu mengi ni kuhusu bei, na mna haki. Familia ya hapa nyumbani ikijibana mwaka mzima ili iende hifadhini, inastahili kujua inanunua nini.

Nianze na puto, ndilo mnaloliulizia zaidi. Ni zaidi ya dola 500 kwa mtu mmoja, na hewani mnakaa takriban saa moja. Mnachukuliwa hotelini saa kumi au kumi na nusu alfajiri, giza bado, hadi mahali puto linapojazwa. Feni kubwa inaingiza hewa kwanza, halafu moto wa gesi unaipasha. Kapu linakuwa limelazwa ubavu. Mnaingia, mnalala chali, miguu juu, mpaka puto linaposimama na kapu nalo linasimama. Makapu makubwa huchukua hadi abiria 16, na ndani yamegawanywa vyumba vidogo ili watu wasilaliane. Kila kitu kinafanyika alfajiri kwa sababu hewa ni baridi na imetulia. Jua likishapanda, ardhi inapata joto, upepo unaanza kuvuruga, na kutua kunakuwa kugumu.

Rubani wa puto hana usukani. Anachoweza ni kupanda na kushuka, upepo ndio unaoamua mnakwenda wapi. Ila upepo wa chini na wa juu mara nyingi hauelekei upande mmoja, kwa hiyo rubani hodari anapanda kidogo, anashuka kidogo, anautafuta ule utakaompeleka mtoni. Mwangalieni anavyofanya, ni ufundi wa kweli. Chini kuna gari linawafuata, wanaongea naye kwa redio.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kwa kuwa mnasafiri pamoja na hewa yenyewe, hamsikii upepo usoni hata kidogo. Moto ukizimwa, panakuwa kimya kabisa, unawasikia viboko wa Mto Seronera, katikati ya hifadhi, wakikoroma, unasikia nyumbu wakiitana. Kwenye gari huwezi kuwasikia hivyo. Moto ukiwashwa unanguruma kwa nguvu, joto linashuka utosini, na baadhi ya wanyama wanakimbia. Vaa kofia. Vaa na koti pia, Seronera iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na alfajiri yake ina baridi kali.

Udhaifu wake ni kwamba puto halirudi nyuma. Mkimpita chui juu ya mgunga, mmempita. Na wengi wanapoteza pesa kwa sababu wanalipia puto bila kuuliza nyumbu wako wapi mwezi huo. Desemba hadi Machi makundi makubwa huwa kusini, upande wa Ndutu, na Februari ndiyo wanazaa. Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, Kogatende na Mto Mara. Seronera ina simba na viboko mwaka mzima, lakini makundi makubwa hapo hupita tu. Maputo huruka katika maeneo yote hayo kulingana na msimu. Kwa hiyo chagua mwezi kwanza, halafu eneo, kampuni iwe ya mwisho. Ukiruka Seronera mwezi Agosti ukitegemea kuona maelfu ya nyumbu, utaona nyasi, twiga na mapambazuko mazuri. Kwa dola 500, mimi naona hapana.

Wajawazito na watoto wadogo hawapandishwi, na mwenye maumivu ya mgongo aseme mapema, kwani wakati wa kutua kapu huweza kuburuzika na kulala ubavu. Kifungua kinywa cha porini kimo ndani ya bei. Ni kizuri, lakini usilipie puto kwa ajili ya mayai.

Ndege ndogo sasa. Nyingi ni Cessna Caravan, injini moja, abiria kama 12, na mabawa yake yako juu ya madirisha. Maana yake hakuna kinachokuzibia ardhi. Kutoka uwanja wa Arusha, pale Kisongo, hadi Seronera ni takriban saa moja, wakati kwa barabara ni kilomita zaidi ya 300 na siku karibu nzima. Tiketi ya kwenda tu ni dola 200 hadi 300 hivi, inategemea msimu. Uliza bei ya mkazi kabla hujalipa, mashirika mengi wanayo ila si wote wanaokutajia wenyewe.

Watu wanaichukulia kama usafiri tu. Mimi nasema ndiyo safari ya angani inayokufundisha zaidi. Ndege ikiruka moja kwa moja kutoka Arusha, kaa kushoto upate kreta ya Ngorongoro, au kaa kulia upate Ol Doinyo Lengai, volkano ambayo bado iko hai. Dakika chache baadaye unaona uwanda wa kusini, mpana, hauna miti. Hapo hadithi nzima ya nyumbu inajifungua chini yako: majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro yalipeperushwa magharibi kwa maelfu ya miaka, yakaugandisha udongo wa chini hadi mizizi ya miti ikashindwa kupenya, lakini yakaacha nyasi fupi zenye madini mengi. Ndizo nyumbu wanazozifuata wakati wa kuzaa. Nenda na gari ndani ya uwanda ule siku tatu, hutaliona hilo.

Tena hifadhi hii ilianza kuhesabiwa kutoka angani. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani, walizunguka na ndege iliyopakwa milia ya pundamilia wakihesabu wanyama, wakapata nyumbu wasiofika laki moja. Januari 1959 Michael alifariki ndege hiyo ilipogongana na tumbusi, ndege mla mizoga, na kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Baadaye ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, nyumbu waliongezeka wakapita milioni moja. Na hadi leo TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, wanahesabu wanyama kwa ndege.

Kasoro za ndege ndogo ni mzigo, kilo 15 tu kwenye begi laini, na mtikisiko wa mchana. Chukua ya asubuhi. Usishangae rubani akipita chini juu ya kiwanja bila kutua, anawafukuza swala waliosimama njiani.

Helikopta sitaizungumzia kwa muda mrefu. Ni ghali mno, na kelele zake zinawatawanya wanyama uliokuja kuwaona. Kaskazini mwa Kenya, Bonde la Suguta na Ziwa Turkana, kusikofikika kwa gari kirahisi, inaeleweka. Serengeti, hapana.

Droni iache nyumbani. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi bila kibali.

Kwa hiyo mwenye bajeti ya kitu kimoja: nenda kwa gari, upite Karatu na Ngorongoro, ulale porini, halafu rudi Arusha kwa ndege. Wakati wa kurudi kreta inakuwa kulia na Lengai kushoto, na kule mbele, anga ikiwa safi, kuna Mlima Meru. Pesa ikibaki na mwezi ukiwa sahihi, ongeza puto, ila weka nafasi mapema, kwa sababu Februari na Agosti makapu hujaa.