Antivairasi ya kulipia kwenye kompyuta kuukuu: yaliyonikuta Chake Chake

Dakika 11. Nilizipima kwa simu, tangu nabonyeza kitufe cha kuwasha mpaka Word inakubali nipige herufi ya kwanza. Maalim mmoja wa skuli ya jirani alikuwa akiniachia flashi, anakwenda kunywa kahawa, anarudi, ananikuta bado natazama kile kiduara kinazunguka. "Kijana, mashine yako hii haijaamka tu?"

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 3020, mtumba ulioshuka Mkoani na meli kutoka Unguja: Core i3, RAM (kumbukumbu ya kazi) giga 4, hard disk ya giga 500 ya ile aina ya sahani inayozunguka, na Windows 10. Nina steshenari ndogo. Napiga chapa, natoa fotokopi, naskani vyeti. Flashi zinazoingia hapa kwa siku sizihesabu, na kila moja imeshapita kwengine kabla ya kufika kwangu. Kwa hiyo antivairasi kwangu si anasa. Nililipia ya mwaka mzima. Jina lake naliacha, maana hiyohiyo kwenye laptopu mpya ya shemeji yangu inakwenda vizuri tu.

Fundi wa kwanza alitaka kupiga Windows upya. Wa pili akasema kompyuta imezeeka, nitafute nyengine. Usiku mmoja nikaamua kuangalia mwenyewe. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager, kidirisha kinachoonyesha kila programu inakula nini, ikafunguka, nikagusa kichwa cha safu ya diski ili mlaji mkubwa apande juu. Diski asilimia 100, haishuki. Juu kabisa, antivairasi yangu. Chini yake, antivairasi nyengine! Ya majaribio, aliiacha mwenye kompyuta wa mwanzo. Leseni imekufa zamani lakini yenyewe bado iko kazini. Kila faili nililofungua, hii inalishika ilikague, na ile nayo inalishika. Manahodha wawili, na chombo chenyewe ngalawa.

Kwenye SSD, diski isiyo na sahani wala kichwa, ukaguzi wa namna hiyo hauuoni sana. Kwenye diski ya sahani kuna kichwa kinachosoma, na inabidi kikimbie huku na huku kufuata kila faili. RAM ya giga 4 nayo ikijaa, Windows humwaga ziada kwenye diski hiyohiyo. Hapo ndipo hata mausi inapoganda.

Ile ya zamani ilikataa kutoka kwa njia ya kawaida. Nikashusha kutoka kwa watengenezaji wake kiprogramu cha kuiondoa, nikazima na kuwasha, nikapima tena: dakika 7. Afadhali, lakini ya kulipia ilikuwa bado na mambo yake: inasafisha, inaleta kivinjari chake, inatoa matangazo ya kuniuzia mengine wakati mimi nimeshalipa! Hilo ndilo lililoniudhi khasa. Nikaitoa nayo. Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, ambayo ilikuwa imejizima kwa kuona yupo mlinzi mwengine, ikaamka yenyewe bila ya kuombwa. Dakika 4.

Defender nayo si malaika. Ikianza ukaguzi wake, jina MsMpEng linapanda juu kwenye Task Manager na diski inalia. Dawa yangu ni ratiba: kwenye Task Scheduler nimeipangia ukaguzi mkubwa siku ya Ijumaa saa sita mchana, ninapofunga kwenda msikitini. Nikirudi saa nane huwa imemaliza, au iko ukingoni. Siku nyengine naikagua flashi ya mteja peke yake, kwa kubofya kulia, kabla sijaifungua. Mtu alinishauri niitoe diski D yote kwenye ukaguzi ili kazi iende mbio. Sikukubali, huko ndiko ninakoweka kazi za watu.

Wiki iliyofuata Maalim akaja na mitihani yake. Kwenye flashi mafolda yote yamegeuka shotikati (njia za mkato), kila moja kilobaiti 1 au 2, na Defender ikapiga kelele papo hapo. Ikafuta kirusi, lakini mafolda yenyewe yalikuwa yamefichwa, si kwamba yamepotea. Nikaandika attrib -h -r -s /s /d kwenye kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt), nikiwa ndani ya flashi hiyo, yakatokeza. Maalim alikuwa ameshavua miwani, anajifuta jasho.

Aliyeniuzia leseni alinitisha kwamba Windows 10 imekwisha, bila ya antivairasi yake nimeumia. Kweli, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Core i3 yangu ya kizazi cha 4 haimo katika orodha ya Windows 11. Lakini orodha ya virusi ya Defender wamesema wataendelea kuipeleka kwenye Windows 10 mpaka Oktoba 2028. Matundu ya Windows yenyewe ni jambo jengine, hayazibwi na antivairasi yoyote, pamoja na ya kwake. Kwa hiyo mambo ya benki nayafanyia kwenye simu.

SSD nimeiweka mpaka msimu wa karafuu. Leseni yangu ina miezi saba mbele. Mwenye kompyuta mpya anayeitaka, aje aichukue.