Waya wa tangsteni wenye utando wa poliimidi: tathmini baada ya miezi minne ya kuulipua

Kwa miezi minne tumeutumia waya huu wa tangsteni, wenye kipenyo cha mikromita 15 na utando wa poliimidi (plastiki isiyopitisha umeme) unaokaribia mikromita 2, katika majaribio ya kulipua waya mmoja mmoja ndani ya ombwe, yaani kuupitishia mkondo mkubwa wa ghafla hadi ugeuke mvuke. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaojiuliza kama utando huo unastahili gharama inayozidi ile ya waya mtupu. Kwa maoni yangu unastahili, mradi mnunuzi awe tayari kuukagua mwenyewe, kwa kuwa rili tulizopokea zilitofautiana mno kwa ubora.

Waya mtupu una tatizo linalojulikana. Mkondo wa maelfu ya ampea unapopita, gesi zilizonata usoni mwake, hasa hidrojeni, mvuke wa maji na mabaki ya mafuta, hubanduka na kufanya wingu jembamba, nayo metali iliyopata moto hutoa elektroni zinazoligeuza wingu hilo kuwa plazma, yaani gesi inayopitisha umeme. Tangu hapo mkondo huiacha metali na kufuata ganda la plazma lenye ukinzani mdogo, volteji huporomoka, na kiini cha waya hubaki kimenyimwa nishati ambayo kingehitaji ili kigeuke mvuke chote. Tangsteni huathirika zaidi kuliko metali nyingi, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 3422 za Selsiasi, ilhali aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ganda la plazma huwahi kujijenga kabla kiini hakijamaliza safari hiyo ndefu.

Utando wa kihami hauliondoi ganda hilo, bali hulichelewesha. Hufunika uso zinakotoka elektroni na gesi, na ijapokuwa poliimidi haiwezi kustahimili joto la tangsteni inayoyeyuka, mkondo wetu hupanda kwa makumi ya nanosekunde tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya nishati huingia kwenye metali kabla utando haujashindwa. Siku ya kwanza tuliiona tofauti kwenye osiloskopu, chombo kinachochora mabadiliko ya volteji: kilele cha volteji kilipanda zaidi na kikakawia kuanguka. Picha za kivuli zilizopigwa kwa leza zilithibitisha hivyo. Waya mtupu uliacha mstari mweusi, mwembamba, uliozungukwa na ukungu hafifu, na waya wenye utando ukatanuka kama silinda pana iliyonyooka, ambayo mwanga wa leza uliweza kupenya kingo zake. Kwa mtu aliyezoea kuona mabaki ya kiini kisichovukizwa, picha ile ilikuwa ya kufurahisha sana.

Kasoro yake kubwa ni matundu. Katika rili ya pili tuliona chini ya hadubini vitundu vidogo kuliko kipenyo cha waya wenyewe, ambako metali ilikuwa ikimetameta wazi, na kila tulipolipua kipande chenye kitundu plazma ilianzia papo hapo, ikaenea kwa urefu, na faida yote ikapotea. Mahali pengine utando ulikuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Muuzaji hakutaja lolote kati ya hayo kwenye karatasi ya vipimo, na hilo ndilo lililonisikitisha, kwa sababu jaribio zima hutegemea utando usiokatika.

Ncha nazo zinahitaji uangalifu, kwani zisipobambuliwa vizuri hazigusani sawasawa na elektrodi na cheche huanzia hapo. Maelekezo yaliyokuja na bidhaa yanashauri kuunguza utando kwa moto. Tulifanya hivyo, tangsteni ikapata oksidi, ikabadilika rangi na kuwa nyepesi kukatika. Tulifaulu kwa kuchovya ncha katika soda kali iliyopashwa moto, kisha kuisuuza kwa maji safi, kazi inayotaka glavu na miwani.

Anayelipua nyaya ndani ya maji hana haja ya kuununua, kwa sababu maji yenyewe hukandamiza plazma ya usoni. Sisi tumeagiza rili nyingine mbili, safari hii kwa sharti kwamba kila moja iambatane na picha za hadubini za urefu wake wote, na tunakata vipande vya majaribio pale tu ambapo tumeukagua utando kwa macho yetu.