TAHADHARI: Muuzaji wa "rota orijino" za BMW boksa anazunguka Mombasa

Jamani, wenye BMW za zamani za boksa, zile za silinda mbili zilizotokeza ubavuni, kuanzia mtindo wa /5 wa 1969 hadi R80 na R100 za mwisho za miaka ya 1990: someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa.

Kuna muuzaji anayejitangaza mitandaoni kuwa ana spea zote za boksa "orijino kutoka Ujerumani". Duka hana. Hukutana na watu kwenye maegesho, leo Nyali, kesho Buxton, kesho kutwa anataka mvuke feri mkutane Likoni. Jina la kwenye tangazo silo linalotokea kwenye M-Pesa. Anavyovisukuma zaidi ni vitu vitatu: rota ya alternata (sehemu inayozunguka ndani ya mtambo wa kuchaji betri), seti ya filta ya oili na daiaframu (utando wa mpira) za kabureta za Bing. Vyote ni vibovu, na kimoja kati yake kinaweza kuiua injini.

Kwenye rota ndiko kwenye utapeli wenyewe. Haanzi kwa kuuza, anaanza kwa kukupimia bure. Anaweka mita kwenye betri, pikipiki inanguruma bila resi, mita inasoma volti 12.3 au 12.4. Taa nyekundu ya chaji inamulika kidogo. Anatikisa kichwa: "Alternata imekufa, bwana." Kisha anakwambia ana rota mpya, na ukimpa ile ya zamani atakupunguzia bei.

Sikilizeni vizuri hapa. Alternata ya Bosch ya pikipiki hizi imekaa kwenye ncha ya krenki (mhimili mkuu wa injini), haina mkanda wa kuizidishia mwendo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 900 kwa dakika, haichaji kitu cha maana. Huanza kuchaji kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000. Kwa hiyo kipimo bila resi hakithibitishi lolote, na kila boksa nzima itaonekana mbovu kwa kipimo hicho. Ndiyo maana anawakamata hasa watu wa kisiwani, ambao pikipiki zao hukaa kwenye foleni ya Makupa au ya feri zikinguruma nusu saa na betri inashuka kweli.

Kipimo cha haki ni hiki. Betri iliyopumzika usiku mzima isome karibu volti 12.6. Washa, piga resi hadi mizunguko 3,500 hivi, taa kubwa ikiwa imewashwa, upime kwenye ncha za betri. Ukiona volti 13.6 hadi 14.2, alternata yako ni nzima, mwambie asante na uondoke. Ikibaki chini ya 13, kuna tatizo, lakini bado huna sababu ya kununua rota.

Anza na taa yenyewe. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa nyekundu lazima iwake. Umeme wa kuamsha rota hupitia kwenye balbu hiyo ndogo; ikiungua, kwenye nyingi ya pikipiki hizi alternata haiamki. Balbu ni shilingi chache. Kama taa haiwaki na balbu ni nzima, angalia kaboni mbili zinazogusa ringi za shaba za rota. Zikiwa fupi kiasi kwamba springi imekaribia kugota kwenye kishikio chake, hazisukumi tena. Ikiwa taa inawaka vizuri lakini chaji haipandi hata ukipiga resi, chomoa plagi ya regyuleta (kifaa kinachodhibiti volti), unganisha matundu ya D+ na DF kwa kipande cha waya (usiguse waya wa kahawia, huo ni wa ardhi, unaoshikana na bodi ya pikipiki), washa na panda hadi mizunguko 2,000 kwa sekunde chache tu. Volti zikipanda, ubovu uko kwenye regyuleta. Usiendelee zaidi ya hapo, kwa sababu bila regyuleta hakuna kinachozizuia volti.

Na kwetu huku pwani kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: chumvi. Upepo wa bahari unaingia kwenye vituo vya waya vya daiodi bodi (kibao kinachogeuza umeme wa alternata uweze kuchaji betri) na kuvifanya kijani. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,500, weka mguu mmoja wa mita kwenye B+ ya daiodi bodi na mwingine kwenye chanya ya betri. Tofauti ikizidi nusu volti, chaji inapotelea njiani. Chomoa betri, sugua vituo kwa msasa mwembamba, paka vaselini kidogo, rudisha. Kuna pikipiki zilizobadilishwa rota bila sababu kwa kutu ya namna hii tu.

Chomoa betri: hili narudia makusudi. Kifuniko cha mbele cha alternata kisifunguliwe kabla waya hasi wa betri haujatolewa. Daiodi bodi ina umeme wa betri hata swichi ikiwa imefungwa, na kifuniko kikiigusa, unateketeza daiodi bodi nzima. Huyu bwana hufungua kifuniko pale pale kando ya barabara betri ikiwa imeunganishwa. Kwa hilo peke yake ungejua si fundi.

Sasa tuseme rota ni mbovu kweli, inatokea. Inapimwa hivi: gusanisha miguu ya mita kwanza, andika inachosoma (mara nyingi 0.2 hadi 0.5), kisha pima kati ya ringi mbili za shaba na utoe hiyo. Kwa pikipiki za miaka ya 1980 na kuendelea unatarajia ohm 2.8 hadi 3.5. Kisha pima ringi moja na chuma cha rota: mita isisome kitu. Ikisoma, koili imegusa chuma. Kuna rota nyingine hupima vizuri imesimama, lakini ikizunguka kwa kasi waya uliokatika ndani unaachana na taa inawaka ukipiga resi. Hiyo nayo ni mbovu, ingawa mita inaisifu.

Rota anazouza ni kuukuu zilizosukwa upya na kupakwa rangi. Kusuka upya si kosa. Rota iliyosukwa kwa waya wa unene sahihi, ikatiwa vanishi na kukaushwa kwa joto, hudumu miaka. Za kwake hazina vanishi ya ndani, zina gundi tu juu. Baadhi zinasoma ohm 1.8. Piga hesabu: volti 14 kugawanya kwa 3.4 ni ampea 4 na kidogo, na regyuleta imezoea hizo. Kugawanya kwa 1.8 ni karibu ampea 8, na regyuleta inaungua. Nyingine zinasoma 6 au 7, kwa hiyo kwenye pikipiki hizo za miaka ya 1980 sumaku ni dhaifu na chaji haitoshi hata taa. Mjini utadhani mambo ni sawa. Ukishavuka daraja la Nyali na kushika njia ya Mtwapa, injini ikapata joto, gundi inavimba, koili inajitokeza na kuanza kukwaruza stata (koili isiyozunguka inayoizingira rota). Hapo unapoteza na stata pia.

Na ile rota yako "mbovu" aliyoichukua kwa punguzo? Kama ilikuwa nzima, ndiyo anayomwonyesha mteja wa pili anapotaka kuonekana mkweli. Usimwachie kabisa. Kama unatoa rota kwenda kupimwa popote, ikwaruze alama yako ubavuni, mbali na koili na ringi, na uipige picha.

Kuitoa kwenyewe kuna adabu yake. Imekaa kwenye ncha iliyochongoka, na hutolewa kwa boliti maalum ngumu inayosukuma kutoka ndani. Boliti ya kawaida ya dukani ni laini, hupinda au hukatikia ndani ya krenki, na kuitoa humo ni kazi nzito. Akianza kuipiga nyundo au kuikongoa kwa bisibisi, msimamishe. Wakati wa kurudisha, ncha ya krenki na tundu la rota viwe vikavu kabisa, bila oili wala grisi.

Seti yake ya filta ni hatari kuliko rota, ingawa bei yake ni ndogo. Filta ya boksa hukaa ubavuni kulia, ndani ya kopo, chini ya kifuniko cha boliti tatu. Kati ya kopo na kifuniko kuna o-ringi (mpira wa duara wa kuzibia) nene ya karibu mm 4, namba 11 42 1 337 098, kwa kawaida nyeupe, na pengine washa pana nyembamba ya chuma inayotangulia kukaa kwenye mdomo wa kopo, kulingana na kina cha kopo. O-ringi hiyo ndiyo inayolizuia shinikizo la oili lisivuje kurudi kwenye sampu (chungu cha oili chini ya injini). Seti yake ina o-ringi nyeusi nyembamba kama ya bomba la maji. Ukiiweka, oili inazunguka bila kufika kwenye beringi za krenki. Usiitegemee taa ya oili ikuonye, maana huzima kwa shinikizo dogo sana, na beringi zinaweza kuwa zinakula moto taa ikiwa imezima. Kama tayari umeweka seti hiyo, usiwashe injini hata kwa kuisogeza. Fungua kifuniko, angalia. Zile zenye kipozeo cha oili zina filta yao tofauti, naye anauza moja kwa zote.

Daiaframu zake zitazame kwenye mwanga, uivute taratibu: utaona vitobo vya sindano. Ikiwa na tundu, pistoni ya kabureta haipandi vizuri, silinda ya upande huo inazembea na pikipiki inagoma kwenye mwendo. Nyingine hazina tundu ila hazivumilii petroli. Ilowekwe usiku mmoja pembeni ya ile ya zamani, asubuhi ulinganishe upana.

Boksi lisikudanganye. Namba ya kipuri ya BMW ina tarakimu 11, na nne za mwanzo hutaja kundi: alternata ni 12 31, filta ya oili ni 11 42, kabureta ni 13 11. Boksi zake za rota zina stika inayoanza na 11 42. Aliyeichapa hakujua maana yake.

Kwa malipo, mbinu yake ni kuomba "nauli ya mzigo kutoka Nairobi" kabla hujaona kitu, kwa namba binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Lisipolingana na la tangazo, katisha. Kama pesa zimekwenda, tuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo kuomba zirudishwe, kabla hajazitoa. Kisha nenda kituo cha polisi upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), ukiwa na picha ya tangazo, mazungumzo yote na spea yenyewe ikiwa kwenye boksi lake. Msitupe hizo boksi, hata kama zinawatia hasira.

Kwa sasa tangazo lake lina picha ya rota tatu juu ya gazeti, na linasema zimebaki mbili. Ukiliona limebadilishwa jina, liangalie hilo gazeti, maana picha haijabadilika.