Kant: uanze na Prolegomena au Kritik?

Ukitaka kumsoma Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, unachagua kati ya vitabu hivi viwili. Kwa muda wa kusoma, Prolegomena (1783) inashinda bila ubishi: ni kijitabu, ilhali Kritik der reinen Vernunft (yaani Uhakiki wa Akili Safi, 1781) ina mamia ya kurasa. Kant alikiandika baada ya kuona kitabu kikubwa hakieleweki. Kwa uwazi pia kinaongoza: kinashika jambo unalolijua, 7 + 5 = 12, kisha kinauliza maarifa ya namna hiyo yanawezekanaje. Humo ndimo anakiri kwamba Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, ndiye aliyemwamsha kutoka usingizi wa kuamini bila kuhoji.

Ila kwa hoja kamili, Kritik haina mbadala. Uthibitisho wa kategoria (dhana za msingi ambazo akili hutumia kufikiri), ambao kwangu ndio moyo wa kazi yote, kijitabu kinaupitia juu juu. Unasoma peke yako jioni? Shika Prolegomena. Una mwalimu na muhula mzima? Ingia Kritik, toleo la 1787, ambamo uthibitisho huo uliandikwa upya.