Uzoefu wangu: ziara ya basi pwani ya Antalya, Uturuki (mvua haikuwa tatizo)

Nianze na hili ili tusigombane bure: mi sina ugomvi na mvua. Antalya ikifika Desemba na Januari ndo msimu wake, mawingu yanatoka baharini yanakuta milima ya Taurus imesimama hapo hapo nyuma ya mji, yanamwagika yote. Anayenunua safari ya wakati huo kwa bei ile anajua anachonunua, na shangazi yangu, ambaye ndo alinishawishi, aliniambia kabisa mwanangu beba mwavuli na viatu vya kubadilisha. Kwa hiyo wale mtakaokuja kuniambia ungeenda kiangazi, hapana, hamjanielewa. Mi nalalamikia mlango wa basi.

Tulitokea Ujerumani, kundi kubwa, wengi wastaafu wa rika la shangazi. Hizi safari zinajulikana, unapewa ndege, hoteli nzuri, basi na mwongozaji anayeongea Kijerumani kunishinda mimi, yote kwa hela ambayo ukikaa ukaipigia hesabu unabaki unajiuliza hoteli hii analipa nani. Halafu ukifika tu unauziwa kifurushi kingine cha viingilio na chakula cha usiku, unalipa, yanaisha.

Na mwanzo ulikuwa mzuri jamani, nisiwe mchoyo. Aspendos walitupeleka mvua inanyesha kweli kweli, ule ukumbi wa Warumi wa karne ya 2 mzima mzima kama umejengwa juzi, mpaka leo wanapigia opera mle ndani, na mwongozaji akatueleza mambo kwa utulivu, akamshika shangazi mkono kwenye zile ngazi za mawe maana zilikuwa zinateleza balaa. Siku hiyo ungeniuliza ningempa nyota tano na salamu kwa mamake.

Sasa siku ya Kekova. Hiyo ndo iliyokuwa imetutoa nyumbani, unapanda boti unapita juu ya mji wa kale uliozama kwa matetemeko ya ardhi, kuta na ngazi unaziona zinaingia baharini. Asubuhi tukaambiwa boti hazitoki, upepo mkali. Sawa, bahari ikikataa imekataa, mi mtu wa Tanga siwezi kubishana na hilo. Tukaenda hivyo hivyo mpaka Demre, njia inapita ukingoni mwa bahari baada ya Finike, mawimbi yanapiga chini yako, upande mmoja jabali upande mmoja maji, watu kimya ndani ya basi. Pale Demre ndo Myra ya zamani, kuna makaburi ya Walikia, watu wa kale wa pwani hiyo, yamechongwa juu kabisa kwenye mwamba kama nyumba, na kuna kanisa la Mtakatifu Nikolasi, huyo huyo ambaye Wazungu wamemgeuza babu wa Krismasi, mifupa yake mabaharia wa Bari waliibeba 1087 wakaenda nayo Italia. Unaona palivyo pazito? Tukapewa dakika kama ishirini. Kanisani tuliingia mbio tukatoka mbio, makaburi tumeyaona kwa mbali kupitia matone ya dirisha. Nikauliza haraka ya nini na boti hamna, si ndo tuna muda? Nikaambiwa mvua, barabara itakuwa mbaya.

Kumbe tunawahi duka la ngozi.

Tumerudi upande wa Antalya giza linaanza kuingia, basi likasimama mbele ya jumba la kioo, tukaambiwa wote tushuke, kuna maonyesho ya mavazi. Ndani muziki juu, wanamitindo wanapita na makoti, baadaye kila mtu anapewa muuzaji wake, bei inaanza juu mbinguni inashuka kila ukipiga hatua kuelekea mlangoni. Wanaopenda wapende. Shangazi magoti yalikuwa yamemkamata kwa baridi, akasema yeye hahitaji koti, abaki kwenye basi avute nyiradi zake. Mwongozaji akasema basi linafungwa, mambo ya bima. Shangazi akasema basi mfungie na mimi ndani, siendi popote. Hapo yule bwana sura ikabadilika, akamwambia mbele za watu, tena kwa sauti: hoteli unayolala unadhani unailipa wewe? Ingia uangalie makoti.

Yaani mtu anayemzidi mamake umri!

Shangazi kafanya kazi Ujerumani tangu mi sijazaliwa, Kijerumani chake hakina kona. Akamjibu taratibu tu, mi nimelipa nilichoambiwa nilipe, kama kulikuwa na deni ungeniambia kabla sijapanda ndege. Na hakuingia. Tukasimama chini ya upenu, mi na yeye na mzee mmoja wa Kijerumani aliyesema na yeye kama ni hivyo haingii, upepo unaturushia mvua miguuni, saa nzima au zaidi, na basi lipo pale, tupu, taa zimezimwa, hatua chache tu kutoka tuliposimama. Nilikuwa natetemeka, na sijui kama ni baridi.

Aliyetuokoa ni dereva. Mtu wa makamo, Kijerumani hajui hata neno, akasubiri bosi ameingia kunywa chai, akaja na funguo akafungua mlango wa nyuma, akamwekea shangazi koti lake magotini, akatoa machungwa aliyonunua Finike akatumenyea. Mwongozaji aliporudi akamkuta ametufungulia, basi akamfokea pale pale, Kituruki sikijui ila kufokewa hakuhitaji mkalimani. Dereva wa watu ameinamisha kichwa tu. Hilo limeniuma kuliko letu sisi, maana sisi tunarudi nyumbani, yeye kesho anaendesha tena na huyo huyo.

Siku zilizofuata mazulia, kisha vito, sina hamu ya kusimulia. Ingawa kusema kweli kwenye mazulia walituonyesha hariri inavyovutwa kutoka kwenye vifukofuko ndani ya maji ya moto, ilikuwa nzuri, na chai ya tofaa nimekunywa mpaka basi. Hapo ndo panaponichanganya. Hawakosi cha kuonyesha hawa watu, wanakosa adabu tu.

Siku ya kuondoka mwongozaji ana shughuli zake, tuna nafasi kabla ya uwanja wa ndege, dereva akatupitisha Düden ya chini, pale mto unapodondokea baharini moja kwa moja kutoka juu ya jabali. Kwa ile mvua yote mto ulikuwa umefura, maji ya rangi ya udongo yanaruka, mngurumo unausikia kifuani, bahari chini imegawanyika rangi mbili. Haikuwa kwenye ratiba yetu, na duka hamna. Shangazi akasema haya, mi nimeshapata haki yangu.

Ye kasamehe, mi bado. Tena keshaanza kunionyesha tangazo jingine la aina ile ile, eti bei hiyo hupati pengine. Kama na wewe umeliona, kabla hujalipa dai wakuandikie maduka mangapi na kila moja muda gani, na uliza wazi kama mtu anaruhusiwa kubaki kwenye basi. Wakianza kuzunguka zunguka ushajua.

Nyota moja. Haya, mbili, kwa ajili ya dereva. Ila nikifikiria kwamba hiyo nyota itaenda kukaa kwenye jina la kampuni sio lake, narudi kwenye moja.