Blanketi la jeshi la Uswisi nililolitoa Mwanjelwa: miezi miwili ya baridi

Nililinunua mwanzoni mwa Juni pale Mwanjelwa, soko la jijini Mbeya, kwa mama mmoja anayefungua belo za mablanketi ya mtumba. Alianzia elfu arobaini, tukamalizana kwenye ishirini na nane. Sifa aliyonipigia ilikuwa moja tu: "Mwanangu, hili ni la Msalaba Mwekundu, limelaza wagonjwa wa Ulaya." Hadi leo sijaelewa hiyo ilikuwaje sifa.

Ni la sufu, rangi ya udongo mkavu, katikati limepita mstari mwekundu wenye msalaba mweupe. Nilichomoa uzi pembeni nikauwasha kwa kiberiti. Ukanuka nywele zilizoungua, ukabaki majivu. Nailoni ingeyeyuka ikawa tone. Hapo ndipo nikatoa hela.

Nyumbani ni Isyonje, na anayeijua Isyonje ya Juni sina haja ya kumweleza habari za baridi. Shida ikawa ule msalaba. Mzee jirani yangu, aliyewahi kufundisha mgambo, alilikuta kwenye kamba akaniuliza kwa upole kama nimelitoa hospitali. Nikamwambia, "Mzee, tazama vizuri. Wa hospitali ni mwekundu juu ya nyeupe, huu ni kinyume chake." Ni alama ya Uswisi. Jenerali wao Dufour ndiye aliyehimiza vikosi vya majimbo yote vibebe bendera hiyo moja, ikapitishwa mwaka 1840. Mwaka 1864 huyohuyo akaongoza mkutano wa Geneva uliozaa mkataba wa kulinda majeruhi wa vita, na alama yake ikawa bendera ileile, rangi zimegeuzwa. Kwa hiyo yule mama wa sokoni hakuwa mbali sana.

Mzee alinogewa na habari za jeshi lenyewe. Askari wengi wa Uswisi ni raia wa kawaida: kuruti anakaa mafunzoni wiki 18, anarudi kwenye kazi zake, kisha huitwa tena kwa wiki chache kujinoa, na bunduki anaweza kuitunza nyumbani. "Mgambo wenye bunduki uvunguni!" Akacheka mpaka akakohoa. Kwa kuwa kwetu raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, nikamuuliza kama blanketi nalo linahesabika. Akasema nilalie tu, nisijitande nalo sokoni.

Kwa joto, sina lawama. Alfajiri zile za Julai sakitu imelala juu ya viazi, nilijifunika hilo moja tu. Lakini linawasha shingoni, lazima shuka itangulie. Tena limekatwa kwa kitanda cha askari mmoja: kwenye tano kwa sita yetu, mimi na mke wangu kuna mmoja anayeamkia nje. Na kulifua ni adhabu. Likilowa halinyanyuki, na lilikaa kambani siku tatu.

Nyota nne. Nimerudi kuulizia la pili. Mama analo la kijivu lisilo na alama yoyote, anataka elfu arobaini kwa sababu, anasema, ni ndugu yake lile. Nimefika ishirini na mbili, hajakubali.